KINGA YA MWILI: KWA NINI SURUA HAIRUDI NA MALARIA HURUDI?



Kwa kawaida kurasa hizi hushughulikia sarufi, fasihi na ufundishaji wa lugha. Katika toleo hili tumeona vema tuchukue neno moja la Kiswahili, neno "kinga", tulifuate mpaka ndani ya mwili wa binadamu. Wanafunzi wetu wengi watakuwa walimu, watangazaji na wafasiri, na siku moja wataombwa kueleza habari za afya kwa Kiswahili. Neno likieleweka vibaya katika ushairi, hasara yake ni ndogo. Likieleweka vibaya katika habari za malaria, mtu anaweza kufa.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mtaa wa Asiatique hapa Bujumbura, kama jina lake la Kifaransa linavyoonyesha, ulitengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia, yaani Wahindi na Waarabu. Hadi leo ni mtaa wa maduka, na Kiswahili husikika humo tangu asubuhi hadi usiku. Wakazi wake ni watu wa safari: huyu ametoka Uvira, yule anakwenda Kigoma, mwingine ana watoto Oman au Kanada. Katika mtaa kama huu, mtu akilalamika kichwa na baridi, si ajabu kusikia akiambiwa: "Wewe ni mtoto wa hapa, malaria umeizoea, itapita tu." Na mama mwenye duka atakueleza kwamba mwanawe hawezi kuugua surua tena, kwa sababu aliwahi kuugua.

Kauli hizi mbili zinafanana kwa sura. Zote mbili zinasema kwamba mwili uliokwisha kukutana na ugonjwa una kinga. Hata hivyo, ya pili ni kweli kabisa, na ya kwanza ni kweli nusu tu. Lengo la makala haya ni kueleza tofauti hiyo.

Neno lenyewe

"Kinga" hutokana na kitenzi "kukinga". Tunakinga jua kwa mwavuli, tunakinga uso kwa mkono, tunakinga maji ya mvua kwa ndoo. Ndugu zetu wasemao Kirundi nao wana "kwikingira", yaani kujikinga. Katika matumizi haya yote, kinga ni kitu kinachokaa katikati na kuzuia. Ndiyo maana tukisikia "kinga ya mwili" tunafikiria ukuta. Na ukuta ama upo, ama haupo.

Mwili kweli una kuta: ngozi, kamasi za puani, tindikali ya tumboni. Lakini sehemu kubwa ya kinga yetu haifanani na ukuta. Inafanana zaidi na elimu. Mwili hujifunza kumtambua adui, hukumbuka, na wakati mwingine husahau. Kuna somo linaloeleweka kwa mara moja, na kuna somo linalohitaji kurudiwa kila mwaka. Tukishika jambo hili, mengine yote yatakuwa mepesi.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kusema neno juu ya istilahi. Vitabu vyetu havikubaliani kuhusu neno "kingamwili". Wengine hulitumia kwa maana ya uwezo wote wa mwili kujilinda. Wengine kwa maana ya protini maalumu zinazotengenezwa na mwili ili kumnasa adui mmoja anayejulikana. Katika makala haya, "kingamwili" ni hizo protini tu. Jumla ya vyote tutaiita "mfumo wa kinga". Vilevile, "virusi" na "vimelea" si kitu kimoja, ingawa mitaani vyote huitwa vijidudu.

Mwili unavyopambana na virusi

Kirusi ni kitu kidogo mno. Hakiwezi kula wala kuzaana peke yake. Ni lazima kiingie ndani ya chembe hai ya mwili na kuilazimisha itengeneze virusi vingine. Kwa hiyo mwili hukabili kazi mbili: kuvinasa virusi vilivyo nje ya chembe, na kuziua chembe ambazo zimekwisha kutekwa.

Saa za mwanzo, chembe iliyotekwa hutoa kemikali iitwayo intaferoni. Hii ni kama mbiu ya mgambo: chembe za jirani hupata habari na kufunga milango. Joto hupanda, viungo huuma, mgonjwa hukosa hamu ya kula. Mengi ya maumivu hayo hayaletwi na virusi vyenyewe. Ni kazi ya mfumo wa kinga.

Baada ya siku kadhaa huja jeshi lililofunzwa. Chembe karibu zote za mwili zina desturi ya kuonyesha juu ya ngozi yake vipande vidogo vya protini zinazotengenezwa ndani. Chembe nyeupe za aina ya T hupita zikikagua vipande hivyo. Zikikuta kipande cha kirusi, huiua chembe ile. Wakati huohuo chembe nyeupe za aina ya B hutengeneza kingamwili, ambazo hushika virusi vilivyo nje ili visiweze kuingia kwenye chembe nyingine. Kazi hii huchukua muda wa wiki moja au mbili. Vita vikiisha, askari wengi hufa, lakini wachache hubaki kwa miaka mingi wakiwa na kumbukumbu ya adui. Akirudi, hawaanzi upya. Wanampiga kabla mtu hajajua kwamba ameambukizwa.

Ushahidi mzuri wa kumbukumbu hii ulitoka katika visiwa vya Faroe, huko Atlantiki ya kaskazini. Surua ilivipiga visiwa hivyo mwaka 1781, kisha ikatoweka kabisa. Iliporudi mwaka 1846, daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, aliona kwamba wazee waliougua utotoni hawakuugua tena, ijapokuwa miaka 65 ilikuwa imepita.

Kwa nini somo la surua hukaa hivyo? Sababu moja ni kwamba kirusi chake ni kifupi na hakibadiliki sura kwa urahisi. Kina jeni 6 tu. Sehemu zile ambazo kingamwili huzishika ndizo hizohizo kinazozihitaji ili kuingia mwilini, kwa hiyo hakiwezi kuzibadilisha bila kujiangamiza. Mwili ukishajifunza sura yake, umemaliza.

Chanjo ya surua hutumia kanuni hiyohiyo: mwili hupewa kirusi kilichodhoofishwa, hujifunza bila kuugua. Wazazi huuliza kwa nini mtoto hachanjwi surua siku anapozaliwa, bali husubiriwa miezi 9, na tena miezi 18. Jibu ni kwamba mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, zilizopita kwenye kondo la nyuma. Hizo humlinda miezi ya mwanzo, lakini pia huinasa chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Inabidi akiba ya mama ipungue kwanza.

Na kuna jambo jingine kuhusu surua ambalo wazazi wengi hawajalisikia. Kirusi hiki hupenda kuingia katika chembe zilezile zinazotunza kumbukumbu. Mwaka 2019, watafiti waliopima damu ya watoto wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa walikuta kwamba surua ilifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto huyo hataugua surua tena, lakini amesahau masomo mengine mengi. Kwa hiyo anayesema "heri augue akiwa mdogo ayamalize" anamwingiza mwanawe katika hasara.

Kumbukumbu ya virusi inaweza hata kumsaidia mtu dhidi ya kirusi cha ukoo mmoja. Tarehe 25 Julai 2024, Burundi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wa mpox, ambayo zamani iliitwa ndui ya nyani. Wengi walioambukizwa katika mlipuko ule walikuwa watoto na vijana. Mpox na ndui ni ndugu, na aliyechanjwa ndui ana ulinzi fulani dhidi ya mpox. Lakini ndui ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 1980, na chanjo yake ikasimamishwa. Wazee wenye kovu la chanjo begani walikuwa wamesoma somo ambalo wajukuu wao hawakufundishwa kamwe.

Haifai kudhani kwamba virusi vyote ni kama surua. Kirusi cha mafua hubadilisha sura mwaka hadi mwaka. Kirusi cha UKIMWI, ambao wengi hapa Bujumbura huuita SIDA, hubadilika haraka mno na pia hushambulia chembe T zinazoongoza jeshi zima. Jina la Kiswahili lenyewe, Upungufu wa Kinga Mwilini, linaeleza vizuri kinachotokea.

Malaria: adui mwenye mavazi mengi

Sasa tugeukie vimelea. Kimelea cha malaria si kirusi. Ni kiumbe hai kamili chenye chembe yake, na aina iliyo hatari kuliko zote, Plasmodium falciparum, ina jeni zaidi ya 5,000. Tulinganishe na 6 za surua. Kama surua ni barua ya ukurasa mmoja, malaria ni kamusi.

Mbu jike wa aina ya Anofelesi akiuma, huingiza vimelea wachache, ambao hukimbilia kwenye ini kwa muda usiozidi saa moja au mbili. Hukaa humo kiasi cha wiki moja wakizaana kimyakimya, na mtu hajisikii lolote. Kisha hutoka kwa maelfu na kuingia katika chembe nyekundu za damu. Kila saa 48 chembe hizo hupasuka na kutoa vimelea wapya, ambao huingia katika chembe nyingine. Ni wakati wa kupasuka ndipo homa na kutetemeka hutokea.

Kuingia kwenye chembe nyekundu ni werevu mkubwa. Tumesema kwamba chembe za mwili huonyesha vipande vya protini ili chembe T zikague. Chembe nyekundu ya damu haifanyi hivyo, kwa sababu haina hata kiini. Askari hupita mlangoni wasione kitu. Kimelea amejificha katika nyumba isiyo na dirisha.

Hata hivyo hawezi kujificha kabisa. Chembe iliyoharibika ikipita kwenye bandama huchujwa na kuharibiwa. Ili kuepuka hilo, kimelea hutoa protini nje ya chembe nyekundu inayoifanya ing'ang'anie kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Ikiziba mishipa ya ubongo, mgonjwa hupoteza fahamu; hii ndiyo malaria ya kichwa, inayoua watoto wengi. Protini hiyo ikiwa nje, mwili huiona na kutengeneza kingamwili. Lakini kimelea ana jeni zipatazo 60 za kutengeneza protini za namna hiyo, na hutumia moja kwa wakati mmoja. Mwili ukimaliza kujifunza vazi la kwanza, baadhi ya vimelea wamekwisha kuvaa la pili. Na vimelea wa mbu mwingine wana sanduku lao jingine la mavazi.

Je, mwili haujifunzi lolote? Hujifunza, ila polepole. Mwaka 1961 watafiti waliokuwa Gambia walichukua kingamwili kutoka katika damu ya watu wazima walioishi na malaria maisha yao yote, wakawapa watoto wagonjwa. Vimelea katika damu ya watoto hao walipungua sana. Hapo ilithibitika kwamba mtu mzima wa nchi ya malaria ana elimu kweli ndani ya damu yake. Lakini elimu hiyo ameipata kwa kuumwa na mbu mara nyingi mno, na kwa kuponea chupuchupu utotoni. Tena haimzuii kuambukizwa. Humzuia tu kuzidiwa. Kwa sababu hii sisi tunapendekeza iitwe "kinga pungufu", isichanganywe na kinga kamili ya surua.

Kuna pia kinga ambayo si elimu bali ni urithi. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watu waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hawaugui malaria kali kama wengine. Anayerithi kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa bahati mbaya, hupata ugonjwa wa selimundu wenyewe.

Bonde na mlima

Nchi yetu ilipata kuthibitisha tofauti hii kwa gharama kubwa. Bujumbura na tambarare ya Imbo ziko chini, kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kuna joto, na mbu wapo karibu mwaka mzima. Watu wazima wa huku wana kinga pungufu. Kayanza, Ngozi na Karuzi ziko juu, kwenye baridi, na zamani malaria ilikuwa haba huko. Mtu angeweza kuzeeka bila kusoma somo hilo.

Kati ya mwishoni mwa mwaka 2000 na mwanzoni mwa 2001, malaria ilipanda mlima. Katika nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni 7 hivi, iliripotiwa takriban wagonjwa milioni 3. Sababu zilikuwa nyingi: vita na watu kuhama, kilimo cha mabondeni, hali ya hewa, na dawa ya klorokwini ambayo vimelea walikuwa wameizoea. Lakini hali ya miili ilichangia pia. Kwa kawaida katika nchi ya malaria wanaozidiwa ni watoto wadogo. Milimani watu wazima nao walianguka, kwa kuwa damu yao haikuwa na kumbukumbu. Mwaka 2003 Burundi iliacha dawa za zamani na kuanza kutumia mchanganyiko wenye artesunati. Mwezi Machi 2017 serikali ililazimika kutangaza mlipuko tena.

Nani asijidanganye?

Turudi Asiatique. "Malaria umeizoea" ni kauli inayoweza kumfaa mtu mmoja na kumponza mwenzake aliyeketi naye kwenye baraza moja. Wako wa aina nne ambao haiwafai hata kidogo.

Wa kwanza ni watoto walio chini ya miaka mitano. Akiba ya mama imekwisha na wao hawajasoma. Hawa ndio wengi katika makaburi ya malaria Afrika nzima.

Wa pili ni wajawazito, hasa wa mimba ya kwanza. Kondo la nyuma lina mahali pa kung'ang'ania ambapo hapakuwapo mwilini kabla, na vimelea wana vazi maalumu kwa mahali hapo. Dada aliyekuwa hajaugua kwa miaka kumi anakuwa tena mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, ama mama akaishiwa damu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hushauri wajawazito wapewe dawa ya SP kliniki hata kama hawajisikii kuumwa.

Wa tatu ni msafiri anayerudi. Kinga pungufu hudumu kwa kurudiwa. Kijana aliyekaa Ulaya au Kanada miaka kadhaa hakusahau yote, lakini amesahau ya kutosha kumtia hatarini. Anakuja kwa harusi, analala bila chandarua kwa sababu "ni mtoto wa hapa", kisha anaugua amekwisha kurudi ughaibuni, ambako daktari huenda asifikirie malaria upesi.

Wa nne ni mgeni kutoka milimani au kutoka nchi isiyo na malaria. Huyu hana kumbukumbu yoyote.

Hata yule mwenye kinga pungufu asijivune sana. Anaweza kubeba vimelea bila kuumwa, mbu akamuuma, akavipeleka kwa mtoto wa jirani.

Minyoo na chanjo

Tuseme kidogo kuhusu vimelea wakubwa zaidi. Kichocho cha tumbo hupatikana pwani ya Tanganyika na kwenye bonde la Rusizi. Mnyoo wake ni mkubwa mno kumezwa na chembe nyeupe. Mwili humshambulia kwa kingamwili za aina nyingine, zilezile zinazohusika na mzio, na kwa chembe zinazommwagia sumu. Naye hujipaka protini za damu ya mwenyeji wake akaonekana kama mwenyeji, na huweza kuishi miaka mingi. Madhara makubwa hutoka kwenye mayai: mwili huyazungushia uvimbe kwenye ini, na uvimbe huo ndio unaoliharibu. Hapa kinga yenyewe ndiyo inayoumiza.

Kwa haya tuliyoyaona, msomaji ataelewa kwa nini chanjo ya surua ilipatikana katika miaka ya 1960, na chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2021 tu, baada ya kujaribiwa Kenya, Ghana na Malawi. Ya pili, R21, ilifuata mwaka 2023. Zote hufundisha mwili sura ya kimelea anapoingia tu, kabla hajafika kwenye ini na kuanza kubadilisha mavazi. Zinahitaji dozi nne na hazizuii malaria yote. Katika majaribio makubwa ya RTS,S, dozi nne zilipunguza malaria kwa watoto kwa kiasi cha theluthi moja katika miaka minne. Ni msaada mkubwa, lakini chandarua hakiondoki kitandani.

Hitimisho

Wahenga walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katika methali hiyo "kinga" ni kijinga cha moto, si kinga ya mwili, na wanafunzi wetu wanajua tofauti. Hata hivyo maana yake inatufaa: chandarua, chanjo, kupima damu mapema na kumaliza dawa, kila kimoja peke yake ni kijinga kimoja.

Kwa walimu na watangazaji watarajiwa, tunaomba jambo moja. Unapotumia neno "kinga" mbele ya watu, taja ni kinga dhidi ya nini, na ni kamili au ni pungufu. Ukisema "aliyeugua surua ana kinga", umesema kweli. Ukisema "aliyeugua malaria ana kinga" ukanyamaza hapo, umemwachia msikilizaji wako ukuta ambao haupo. Akisikia baridi na kichwa, mwambie akapime damu siku hiyohiyo, awe mtoto wa hapa au mgeni.